Namba iliyo chini ya sanamu: mhadhara kuhusu hela zinazolala kabatini

Haya jamani tuanze, mliosimama nyuma viti bado vipo huku mbele, sogeeni tu msione aibu. Kabla sijasema chochote napitisha hiki kitu mkishike wenyewe. Huu ni mkono. Mkono wa sanamu, hizi za wahusika wa katuni tunazokusanya, kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidole, ukiushika unahisi ubaridi na uzito kama wa jiwe, na kucha zimepakwa rangi moja moja kwa brashi, mtu alikaa akafanya hiyo kazi. Sasa geuzeni muangalie pale palipovunjikia, ndani ni weupe mtupu kama chaki. Hiyo ndo polistoni, yani rizini, ule uji mzito unaomiminwa ukakauka ukawa mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe, ndo inayoipa sanamu ule uzito tunaoupenda, ni ngumu ila haipindi hata kidogo, plastiki ukiigonga inanesa, hii ukiigonga inakatika.

Sanamu yenye huu mkono niliilipia dola 1,100 bila usafiri, nikaisubiri miezi 22, siku imefika nafungua boksi nakuta mkono umelala peke yake kwenye foamu. Nikaandika kuomba mkono mwingine, nikajibiwa vizuri tu kwa heshima zote kwamba lile toleo lilishafungwa, kiwanda kimeshahamia kazi nyingine, spea hakuna. Wakanipa punguzo nikanunulie sanamu nyingine kwao, na mimi nikalitumia. Ni usiku wa siku ile ndo nilichukua daftari nikaanza kuandika kila senti iliyotoka na kila senti iliyorudi tangu nianze kukusanya, na karibu yote ntakayosema leo yametoka kwenye hilo daftari.

Wengi humu tunakusanya, sijaja kumtoa mtu kwenye kitu anachokipenda, zangu bado ninazo na kuna moja nikiipita nasimama kuiangalia mpaka leo. Ninachotaka tuongee ni hela. Kuna maneno tumeyazoea sana, "chukua tu, ni toleo dogo, itapanda", na nimeona watu wazima wenye familia wakiweka akiba yao yote juu ya hayo maneno. Mimi nasema hivi na ntalirudia: siku unabonyeza kuoda, ile hela ihesabu imeshatumika, kama umenunua tiketi ya safari. Ikija kurudi siku moja vizuri, ila usiiandike upande wa akiba, kwa sababu haiko huko.

Tuanze na namba. Ukigeuza sanamu chini ya kitako unakuta 214/500, roho inatulia, unasema ziko 500 tu dunia nzima. Sasa nani kasema ziko 500?

Tuangalie wenye sanamu kubwa wanafanyaje. Auguste Rodin, yule mchongaji wa Ufaransa, mwaka 1916 aliiachia serikali ya nchi yake kazi zake pamoja na haki ya kuendelea kuzimimina kwa shaba nyeusi, akafariki mwaka uliofuata. Jumba la makumbusho la Rodin pale Paris likaendelea kumimina, kihalali kabisa, msanii mwenyewe akiwa kaburini. Lakini kuna mpaka. Kwa utaratibu wa Ufaransa, umbo moja la shaba linahesabika kuwa kazi asilia kwa nakala 12 tu, 8 zenye namba za kawaida na 4 za msanii zenye namba za Kirumi, ukimimina ya 13 hiyo lazima ijulikane kuwa ni kopi tu, sio kazi asilia. Kwa hiyo nyuma ya ile namba kuna sheria, kuna taasisi, kuna kumbukumbu, kuna mtu unaweza kumpeleka mahakamani. Na pamoja na yote hayo Rodin feki zimejaa duniani.

Sasa namba yetu sisi, ile 214/500, nyuma yake kuna neno la kampuni, basi. Sisemi kampuni zinadanganya, nyingi zinaheshimu walichoandika, nasema tu hakuna mtu mwingine anayehesabu. Alafu angalieni inavyopatikana. Mara nyingi sanamu inatangazwa idadi haijatajwa, wanasema itatangazwa baadaye, wanafungua oda wiki kadhaa, wanahesabu waliooda, ndo wanafunga na kuandika namba. Tafakarini hilo taratibu. Kama idadi imepangwa kwa kufuata waliooda, maana yake kila aliyeitaka kwa bei ile ameshapata. Uadimu uko wapi hapo? Siku utakapotaka kuuza, utamuuzia nani? Utamuuzia yule ambaye hakuwepo siku ile, au aliyekuwepo hakuwa na hela na sasa anayo, na hao wapo, ila ni wachache kuliko tunavyojidanganya.

Na juu ya 500 ongeza toleo la pekee lenye kichwa cha pili, ongeza toleo la kifahari lenye kitako kikubwa na taa, ongeza na zile nakala za msanii ambazo hazimo kwenye hesabu. Mwili ni ule ule, kalibu ni ile ile. Nakuta mtu anasema yake ni 1 kati ya 200, kumbe ukijumlisha ndugu zake wote wa tumbo moja wanafika 1,200.

Tena hapo bado tuko kwenye kampuni moja. Mwenye haki za mhusika anagawa leseni kwa kampuni nyingi kwa wakati mmoja, hakuna ubaya, ndo biashara yake. Chukua Batman, yule shujaa wa katuni. Sideshow ya California wametengeneza Batman, Prime 1 Studio ya Tokyo wametengeneza, Iron Studios ya Brazil wametengeneza, XM Studios ya Singapore wametengeneza, na kila mmoja sio mara moja. Kwa hiyo aliyeandika 500 kaandika 500 za kwake, hajaandika idadi ya Batman zilizoko sokoni. Mnunuzi wako yeye anataka Batman mzuri wa kuweka sebuleni, haimuumizi kichwa wako ni namba ngapi.

Na uzuri wenyewe unakimbia. Siku hizi uchongaji unafanyika kwenye kompyuta, sura inatoka kama mtu anakuangalia, ukiweka pembeni sanamu ya miaka 15 iliyopita ile ya zamani inaonekana imevimba uso. Nimekaa nikaangalia hii mara nyingi, kampuni inatangaza toleo jipya la mhusika fulani, jioni ile ile zile za zamani zinaanza kuwekwa sokoni, kesho yake ziko tatu, wikiendi ziko kumi, kila mtu anataka kutafuta hela ya mpya kwa kuuza ya zamani, wote kwa pamoja, na bei inaporomoka mbele ya macho yako. Aliyewahi siku ya kwanza ndo kapona.

Sasa nije kwenye oda za kabla, yani kuanza kulipia sanamu ambayo bado haijatengenezwa, na hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo watu wanaumia kweli, kuliko kuvunjika, kuliko feki, kuliko kila kitu.

Unatoa kianzio, tuseme dola 150, kisichorudishwa. Kilichobaki unalipa kwa awamu, dola 80 au 90 kwa mwezi. Inasikika nyepesi sana, na ni nyepesi kweli, ikiwa moja. Lakini sanamu inachukua mwaka mmoja na nusu, miaka miwili kufika, na katikati hapo kila mwezi kuna nyingine inatangazwa, na kwa kuwa ile ya kwanza haijafika unahisi kama hujanunua kitu, mikono mitupu, kwa hiyo unaoda nyingine. Kwenye daftari langu kuna mwezi nilikuwa na oda 7 zilizo wazi kwa wakati mmoja, wastani dola 90 kila moja, hiyo ni 630 kila mwezi. Na ungeniuliza mwezi ule kama nina deni ningekwambia sina, tena ningekuapia, kwa sababu hakuna aliyeliita deni. Benki hawajui, mwenza wako hajui, hakuna karatasi yoyote nyumbani inayosema unadaiwa. Ila jaribu kuacha kulipa miezi miwili ndo utajua, kianzio kinaondoka, wakati mwingine na ulichoshalipa kinageuzwa kuwa salio la dukani, yani hela yako inaweza kununua sanamu tu, haiwezi kununua dawa.

Alafu kuna jambo moja sikuliona likisemwa mahali, nilikuja kuliona kwenye daftari. Oda zinachelewa kwa pamoja na zinafika kwa pamoja. Kiwanda kikisimama, kila kitu kinasimama, kikifunguka vyote vinapakiwa kwenye meli karibu wakati mmoja. Na usafiri unalipwa mwisho, haumo kwenye awamu. Kwa hiyo nimekaa miezi minane sijapokea hata boksi, alafu ndani ya wiki tatu zikaja sanamu 4, kila moja na bili yake ya usafiri na ya forodha. Mwezi ule nilivuta kadi ya mkopo. Ile riba ya kadi ndo gharama ya sanamu ambayo hakuna mtu anaiweka kwenye hesabu anapokwambia amepata faida.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema, na hapa inapotea kabla hata hujaiona.

Na kampuni yenyewe inaweza isifike. Mimi kuna moja, siitaji jina, niliwalipa jumla dola 400, mwanzoni majibu yanakuja siku hiyo hiyo, baadaye wiki, baadaye picha za rangi ambazo tulishaziona, mwisho kimya. Nikaenda benki kupinga malipo kupitia kadi, nikaambiwa muda wa kupinga umeshapita, kwa sababu lile dirisha lina mwisho wake na oda ya miaka miwili inaweza kulipita huku bado unasubiri kwa uaminifu. Kwa hiyo kama unaoda kitu cha muda mrefu, waulize benki yako leo, kabla hujalipa, siku ngapi unazo na zinahesabiwa kuanzia lini, kuanzia siku ya kulipa au siku mzigo ulipotakiwa kufika. Hilo swali moja lingeniokolea dola 400.

Msifikiri ni wadogo tu wanaoanguka. Diamond Comic Distributors ya Marekani, msambazaji wa vitabu vya katuni aliyekuwepo tangu 1982, ambaye kundi lake lilikuwa pia na kampuni ya kutengeneza midoli na sanamu, Januari 2025 walikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Na likazuka jambo lililowashtua wengi, kulikuwa na bidhaa kwenye maghala yao ambazo wachapishaji walikuwa wamewaachia tu wawauzie, mali bado ya wachapishaji, na mvutano ukawa kama zinaweza kuuzwa kulipa wakopeshaji wa Diamond. Fikiria wewe sasa, mwenye biashara na mawakili anagombania bidhaa zake mwenyewe, wewe mwenye kianzio chako cha dola 150 uko nafasi ya ngapi kwenye foleni? Wakopeshaji wenye dhamana wanatangulia. Hiyo ndo inavyokwenda karibu kila mahali.

Sheria nazo zinabadilika ukiwa unasubiri. Wanunuzi wa Umoja wa Ulaya walikuwa na nafuu ya kodi kwa vifurushi vya chini ya euro 22, ikaondolewa Julai 1, 2021. Marekani walikuwa hawatozi ushuru kwa mzigo wa chini ya dola 800, hiyo nafuu ikafutwa kwa nchi zote Agosti 29, 2025. Sasa mtu aliyeoda sanamu ya dola 700 mwaka 2023 akiwa amepiga hesabu ya kupokea bila ushuru, mzigo ukafika Septemba 2025, hakufanya kosa lolote, alisubiri tu. Na pesa za kigeni hivo hivo. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama yeni 110, mwaka 2024 ikafika karibu 160, mwenye dola akinunua Japani kwa yeni alicheka, lakini upepo ule ule unaweza kukugeukia wewe, sarafu unayolipwa mshahara ikashuka dhidi ya dola katikati ya awamu zako, bei kwenye karatasi ni ile ile ila kila mwezi inakula kipande kikubwa zaidi cha mshahara.

Sasa tufanye hesabu moja pamoja, chukueni simu. Sanamu dola 1,100. Usafiri 180. Tuseme ushuru na kodi ni asilimia 20 ya vyote, hiyo ni 256. Jumla mpaka mlangoni 1,536. Miaka inapita, mtu anakwambia hongera, yako sasa inauzwa 1,400, imepanda dola 300. Unauza. Mtandao wa mnada unachukua karibu asilimia 13, hiyo 182, unabaki na 1,218. Mnunuzi anataka usafiri uwe juu yako, 180, unabaki na 1,038. Umeuza kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, watu wanakupongeza, na umepoteza dola 498. Rudieni hesabu polepole, sijaweka riba ya kadi, sijaweka miaka miwili ambayo ile hela ilikuwa imelala.

Kwenye usafiri kuna mtego watu hawauoni mpaka siku ya kuuza. Wasafirishaji wa ndege hawapimi kilo peke yake, wanapima nafasi pia. Wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, mara nyingi wanagawanya kwa 5,000, jibu ndo kilo za kulipia kama limezidi kilo halisi. Boksi langu moja ni 80 kwa 70 kwa 60, hiyo inatoka kilo 67.2. Ukiliweka kwenye mizani lina kilo 20. Unalipia kilo 47 za foamu na hewa. Na huwezi kulipunguza, kwa sababu sanamu bila boksi lake na foamu yake iliyochongwa kwa umbo lake hakuna atakayekubali isafiri, na wengi hawanunui kabisa. Kwa hiyo maboksi unayatunza, na maboksi yanataka chumba. Kuna mwenzetu amekodi stoo ya maboksi matupu, analipa kila mwezi, mwaka wa sita sasa.

Kuvunjika nimeshawaonesha mkono, sirudii sana. Ila kuna kisa kimoja nakipenda kwa sababu kinaonesha namba na hela kwa pamoja. Februari 2023 huko Miami kwenye maonesho ya sanaa, mgeni mmoja aligusa bila kukusudia sanamu ndogo ya msanii Jeff Koons, yule mbwa wa puto, rangi ya bluu, ya kauri, ikadondoka ikasambaratika vipande zaidi ya 100. Thamani yake ilikuwa dola 42,000. Toleo lake lilikuwa na nakala 799, jioni ile zikabaki 798. Wenye mali walikuwa na bima. Sasa sisi, mangapi kati ya makabati yetu yana bima? Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi ina kikomo kidogo kwa vitu vya kukusanya, au inataka orodha, risiti na picha kabla ya ajali. Na hizi 500 zetu hakuna anayetangaza zikivunjika, kwa hiyo hata ule uadimu unaoongezeka hauhesabiwi popote, hakuna bei inayopanda kwa sababu yangu imekatika mkono.

Zisizovunjika nazo zinazeeka. Zile za plastiki ya PVC zinatoa mafuta yake ndani zinakuwa kama zinanata, zenye miguu miembamba zinainama taratibu kwenye joto, jua la dirishani linakula rangi nyekundu kwanza. Hakuna la kuongeza hapo, pazia na chumba chenye ubaridi, basi.

Feki niseme kidogo. Anayetaka kukopi anachukua sanamu halisi, anaipiga kalibu ya silikoni, anamimina rizini yake. Rizini ikikauka inanywea kidogo, kwa hiyo kopi inatoka ndogo kuliko mama yake, tofauti ya milimita tu kwa urefu wote, macho hayaioni ila futi ya kupimia inaiona. Wanaofahamu shaba wanaijua hii mbinu miaka mingi. Kwa hiyo ukinunua kwa mtu aliyeimiliki kabla yako, muombe muuzaji akupimie sehemu mbili tatu mbele ya kamera, ulinganishe na mwenye halisi. Akikataa kupima usinunue, usijitafutie sababu ya kumuelewa. Cheti cha uhalisi ni karatasi, printa ya kila ofisi inaweza kutoa kizuri zaidi.

Mnaweza kusema hizi ni bahati mbaya za mtu mmoja mmoja, soko lenyewe liko imara. Kuna sanamu za kauri za watoto zinaitwa Hummel, zilitengenezwa na Goebel wa Ujerumani kuanzia 1935 kwa michoro ya mtawa mmoja, Maria Innocentia Hummel. Wanajeshi wa Marekani baada ya vita ya pili ya dunia wakazibeba kwenda nazo kwao, zikapendwa miaka na miaka, kulikuwa na vitabu vya bei, kila alama chini ya kitako ina maana yake, watu waliziweka kama urithi wa wajukuu. Wale waliozipenda wakazeeka, kabati zikafunguliwa kwa wakati mmoja, na wajukuu hawakuzitaka. Goebel wakaacha kuzitengeneza 2008. Hummel zilikuwa halisi, zilikuwa nzuri, hakuna aliyedanganya, waliokosekana ni wanunuzi. Nami najiuliza sana kuhusu sanamu zetu, zimefungwa na utoto wa watu wa umri fulani, wale walioangalia katuni fulani miaka fulani. Sisi tukifika miaka 70 nani atakuwa anamtaka huyo mhusika kwa dola 1,000?

Na wale wanasesere wadogo wa wanyama, Beanie Babies, nao walikusanywa hivi hivi, mwaka 1999 huko Las Vegas wanandoa waliokuwa wameachana walichuchumaa sakafuni mahakamani mbele ya hakimu, wakachagua mmoja mmoja kwa zamu, huyu anachukua na yule anachukua. Ile picha ipo. Miaka michache baadaye wanasesere wengi wa vile hawakuwa na bei ya kufikia hata nauli ya kwenda mahakamani.

Haya, muda umekwisha, nachukua swali moja na mengine tutaongea nje. Dada pale nyuma, wewe mwenye kitambaa cha kijani, simama tusikie.

Anasema mumewe alifariki mwaka huu, ameacha sanamu zaidi ya 40, yeye hazijui hata majina, na watu wameanza kumpigia wakitaka kuchukua zote kwa mkupuo. Anauliza auze au asubiri.

Pole sana dada yangu. Pole kweli. Kwanza usimuuzie mtu yeyote aliyekupigia wewe kabla hujamtafuta, mwambie unashughulikia mirathi na umwache asubiri. Usizibebe kwa kushika mkono wala upanga, shika kwenye kitako siku zote, mikono mingi inatoka, iko kwenye sumaku. Alafu tafuteni maboksi kabla ya kitu kingine chochote, yatakuwa stoo au juu ya kabati, kila sanamu irudi kwenye boksi lake na vichwa vyake vya ziada, mara nyingi vimefichwa safu ya chini kabisa ya foamu watu wanavitupa bila kujua. Ukishapata sanamu na boksi lake piga picha ya namba ya chini. Bei usiangalie wanazoomba, angalia zilizouzwa kweli, ule mtandao wa mnada una sehemu ya kuchuja zilizokwishauzwa, na uza mbili tatu kwa mwezi, usizimwage zote.

Lakini hata kabla ya maboksi, leo ukifika nyumbani, kama una namna ya kufungua barua pepe za mzee, fungua. Tafuta neno "oda" na neno "awamu" kwa lugha yoyote aliyokuwa ananunulia. Inawezekana kuna sanamu bado hazijafika na kadi yake bado inakatwa kila mwezi. Hizo waandikie kampuni, waambie amefariki, ambatanisha cheti cha kifo, omba wasimamishe na warudishe walichopokea. Wengine watakataa kurudisha kianzio, wengine watarudisha vyote. Njoo nje nikuandikie barua yenyewe, tuitume wote wawili.